Kukereza mbao nyumbani na kazi za uani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyasikia mara nyingi hadi majibu yake yananitoka kabla muulizaji hajamaliza. Nimeyapanga kuanzia ya mtu ambaye bado hajashika patasi hadi ya yule ambaye bakuli lake limepasuka usiku wa kuamkia siku aliyotaka kulitoa zawadi. Pale jibu linapogusa jambo lililoelezwa kwingine, nimeelekeza huko badala ya kurudia.

## Kabla ya kuanza

Kukereza ni nini, na kunatofautianaje na useremala wa kawaida?

Seremala anapopiga randa, mbao hutulia na chombo ndicho kinachokwenda. Kwenye kerezo (wengine husema keezo, au mashine ya kukereza) mambo hugeuka: mbao inazunguka, na patasi imetulia juu ya kiegemeo ikisubiri kulishwa. Ndiyo maana kila kinachotoka hapo ni cha duara: mguu wa meza, mpini, bakuli, kirungu cha juu ya nguzo ya lango.

Kazi zenyewe ni za namna mbili. Katika kukereza uti, nyuzi za mbao zinaelekea upande mmoja na mhimili wa mashine, kama katika mguu wa kiti. Katika kukereza bakuli, nyuzi huwa zinaukata mhimili huo, kwa hiyo kila mzunguko patasi hukutana na nyuzi zilizolala mara mbili na ncha za nyuzi mara mbili. Ishike tofauti hii. Karibu kila ajali na kila doa baya linalotajwa hapa chini linatokana na mtu kuisahau.

Je, ninaweza kukereza bila umeme?

Ndiyo, na ni mradi mzuri wa uani wenyewe. Katika kaburi la Petosiris huko Misri, la karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, imechongwa picha ya kerezo: mtu mmoja anavuta kamba kulizungusha, mwenzake anakata. Baadaye watu wakapata njia ya kufanya kazi hiyo bila msaidizi. Mti mwembamba unaopindika hufungwa juu, kamba inashuka na kuzungushwa kwenye kipande cha mbao, kisha inaishia kwenye kikanyagio. Ukikanyaga, mbao inakuja upande wako na unakata. Ukiachia, mti unarudisha kamba, na hapo unaondoa makali kidogo. Mafundi wa miguu ya viti katika misitu ya Uingereza waliishi kwa mashine za namna hii hadi karne ya 20.

Kerezo hili la kukanyaga linahitaji mbao mbichi na patasi kali sana. Halina kelele wala vumbi, na likikunasa linasimama tu. Kwa bakuli kubwa litakuchosha, lakini kwa miguu ya stuli halina aibu yoyote.

Ninunue kerezo la ukubwa gani?

Angalia vipimo viwili: kipenyo kikubwa zaidi kinachoweza kuzunguka bila kugusa kitanda cha mashine, na umbali kati ya ncha mbili zinazoshika mbao. Makerezo ya mezani kwa kawaida huchukua kipenyo cha sentimita 25 hadi 30 na urefu wa sentimita 40 hadi 50. Hiyo inatosha mipini, mabakuli ya kawaida na miguu ya stuli fupi. Mguu wa meza ya kulia chakula, wenye zaidi ya sentimita 70, hautaingia hapo mpaka uongeze kitanda.

Baada ya hapo angalia uzito. Mashine nyepesi hutetemeka, na mtetemeko huandikwa kwenye mbao. Ukiwa na ndogo, ifunge kwa bolti kwenye meza nzito na upakie mifuko ya mchanga chini yake. Ukinunua iliyotumika, zungusha mhimili kwa mkono usikilize beringi, kisha uulize ukubwa wa nyuzi za skrubu za mhimili huo. Nyuzi za kipekee ambazo hakuna anayetengeneza tena vishikio vyake zitakugharimu kuliko mashine yenyewe.

Patasi ngapi zinanitosha?

Nne. Bobari (patasi yenye mfereji) pana ya kuparia, ya kugeuza kipande cha pembe nne kuwa duara. Bobari ndogo ya uti, kwa mabonde na vifundo. Patasi nyembamba ya kukatia. Na ukitaka mabakuli, bobari ya bakuli yenye mfereji wa kina. Seti za patasi nane kwenye sanduku zuri huwa na tatu ambazo hutazigusa.

Onyo moja ambalo halijadiliwi: bobari pana ya kuparia ni ya uti tu, usiipeleke kamwe kwenye bakuli. Sehemu yake inayoingia kwenye mpini ni nyembamba, na ikikutana na ncha za nyuzi kwenye kipande kizito inaweza kupinda au kukatika, nawe umeishika.

Kwa nini kila mtu anasisitiza kunoa?

Kwa sababu mwanzoni makosa mengi yanayoonekana kama ya mkono ni ya makali. Patasi butu haikati, inasukuma. Wewe unasukuma zaidi, na siku inapopata pa kushika inanasa kwa nguvu zako zote. Ushauri wangu ambao hakuna anayeufuata mara ya kwanza: nunua mashine ya kunolea kabla ya patasi ya pili. Mimi nilinunua patasi sita kwanza. Mwaka mzima nilidhani mbao zangu ni mbaya.

Patasi nyingi za sasa ni za HSS, chuma cha kukatia kwa kasi kubwa, kinachovumilia joto la jiwe. Ikiwaka buluu kidogo haijaharibika, na usiitumbukize kwenye maji ikiwa ya moto sana, inaweza kupata nyufa ndogo. Patasi za zamani za chuma cha kaboni ni kinyume chake: zipoze kwa maji kila baada ya sekunde chache, maana zikishageuka buluu zimepoteza ugumu wake. Kwa pembe, bobari ya uti hunolewa nyuzi 30 hadi 40, ya bakuli 40 hadi 60, na patasi ya kukwangulia 70 hadi 80. Pembe kamili si muhimu kama kuirudia ileile kila mara, kwa hiyo tengeneza kiegemeo cha mbao mbele ya jiwe ukiache hapohapo.

Kunoa kunachukua sekunde 20. Mtu akiniambia amekereza saa nzima bila kunoa, najua alivyoteseka.

## Mwili wako kwanza

Nivae nini?

Ngao ya uso mzima. Miwani peke yake inakinga macho na kuacha pua, meno na paji la uso. Mikono ya shati iwe mifupi au imebana, nywele ndefu zifungwe, mikufu na pete zibaki ndani. Glavu hapana: kitambaa kikishikwa na mbao inayozunguka kinavuta vidole. Viatu vya kufunika, kwa sababu patasi ikianguka hutangulia kwa makali.

Mashine izunguke kwa kasi gani?

Kanuni ya mafundi ni hii: chukua kipenyo kwa sentimita, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, na jibu liwe kati ya 15,000 na 23,000. Bakuli la sentimita 30 litakuwa kati ya mizunguko 500 na 750. Hiyo inaonekana ndogo, lakini kwenye mizunguko 750 ukingo wa bakuli hilo unakimbia karibu kilomita 42 kwa saa. Uti wa sentimita 5 kwa hesabu hiyo ungefika 3,000 na zaidi. Anayeanza atafanya kazi safi tu kwenye 1,500.

Kanuni hiyo ni ya kipande ambacho tayari ni duara. Gogo bichi lenye magamba na upande mmoja mzito huanza kwenye kasi ya chini kabisa ya mashine, na hupandishwa pale tu mtetemeko unapokwisha. Kabla ya kuwasha, zungusha kwa mkono mzunguko mzima kuhakikisha hakuna kinachogusa kiegemeo. Unapowasha, simama pembeni, si mbele ya mbao. Kipande kikiamua kuondoka, huondoka kwa mstari huo wa mbele.

Vumbi la mbao lina madhara kweli?

Lina. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, hasa saratani ya ndani ya pua. Hatari kubwa iko kwa wanaolivuta miaka mingi, lakini mzio huweza kuja mapema. Mpingo na ndugu zake huwasumbua wengi kwa kuwasha ngozi na kupiga chafya. Mwembe na mkorosho zina utomvu unaobabua, hasa zikiwa mbichi.

Maranda marefu yanayotoka kwenye patasi kali hayaingii mapafuni. Adui ni msasa. Vaa barakoa ya vumbi inayobana uso, fungua milango au toka nje kabisa. Hii ndiyo faida kubwa ya kukereza uani: upepo unafanya kazi bure.

## Mbao: kutoka mtini hadi kwenye mashine

Jirani amekata mti. Niende na toroli?

Nenda haraka, na nenda na kopo la rangi iliyobaki. Ncha za gogo hupoteza maji upesi kuliko ubavu, zinasinyaa huku katikati kumevimba bado, ndipo nyufa zinapoanza. Katika hali ya joto zinaonekana siku hiyohiyo. Paka ncha zote mbili nta, rangi nzito au gundi nyeupe ya mbao, weka gogo kivulini, lisikae kwenye udongo.

Ukiweza, lipasue katikati mara moja kwa kufuata kiini, kile kidoa kilicho katikati ya mviringo wa gogo. Mbao husinyaa karibu mara mbili zaidi kwa kufuata mzunguko wa pete kuliko kutoka kiini kwenda ganda. Gogo zima halina pa kupunguza tofauti hiyo ila kwa kupasuka. Nusu gogo linaweza kujikunja bila kupasuka. Bakuli lenye kiini katikati ya kitako ni bakuli linalosubiri ufa.

Matawi hayana thamani unayoidhania. Tawi lililokua limelala hujenga mbao yenye mkazo upande mmoja na hujipinda vibaya likikauka. Tengenezea mipini mifupi, mengine yawe kuni.

Nikereze ikiwa mbichi au nisubiri ikauke?

Kwa uti unaotaka vipimo kamili, kama miguu ya meza, tumia mbao kavu. Kwa mabakuli, mbichi, kwa hatua mbili. Kereza bakuli nene kwanza, unene wa ukuta uwe karibu asilimia 10 ya kipenyo: bakuli la sentimita 30 liachwe na sentimita 3. Lifunike na maranda yake ndani ya mfuko wa karatasi, liandike tarehe na uzito. Lipime kila wiki. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki kadhaa, limekauka. Litakuwa limegeuka umbo la yai, nawe una unene wa kutosha kulirudisha kwenye duara.

Kusubiri ubao mnene ukauke wenyewe ni kazi ya subira: makadirio ya kale ni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene.

Nitumie miti gani kujifunzia?

Unayoipata bure. Jakaranda na mgrevilia hukatika kwa upole. Mikaratusi mingi ni migumu na hujipinda. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na unapata mng'aro bila kupakwa kitu, lakini usijifunzie hapo: ni mti unaokua taratibu mno, na tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, pamoja na jamii yake yote ya Dalbergia.

## Kwenye mashine

Patasi inanasa ghafla na kuruka. Nakosea wapi?

Fuata mpangilio huu bila kuruka hatua: egemeza patasi kwenye kiegemeo kwanza, kisha gusisha mgongo wa makali kwenye mbao ukisugua bila kukata, ndipo uinue mpini taratibu hadi maranda ya kwanza yatoke. Anayegusa mbao kwa ncha kabla ya kiegemeo atanaswa, hata awe na uzoefu wa miaka 20.

Sababu ya pili ni kiegemeo kilichoachwa mbali. Kadiri unavyokata, pengo linakua na patasi inakuwa wenzo unaokushinda. Zima mashine, sogeza kiegemeo, washa tena. Usikisogeze mbao ikiwa inazunguka.

Uso unachanika, hauwi laini. Msasa utaondoa?

Utaondoa kwa saa moja kile ambacho mkato mmoja mzuri ungeondoa kwa dakika. Kata kwa kufuata mteremko wa nyuzi: kwenye uti, toka penye unene kwenda penye wembamba, nje ya bakuli, toka kitakoni kwenda ukingoni, ndani ya bakuli, toka ukingoni kwenda katikati. Noa kabla ya mkato wa mwisho (tazama swali la kunoa), kisha pita polepole ukitoa maranda membamba.

Ukifika kwenye msasa, punguza kasi, toa kiegemeo, anza namba 120, kisha 180, 240 na 320. Usiruke namba. Shika msasa upande wa chini wa mbao, karatasi isizungushwe vidoleni.

## Kupaka

Bakuli la chakula nipake nini?

Mafuta yoyote ya kukauka, kama ya mbegu za mti wa tung au ya kitani, yakishakauka kabisa kwa wiki kadhaa, yanafaa. Mafuta ya madini yasiyo na harufu, yanayouzwa dukani kama dawa ya tumbo, hayakauki lakini hayaharibiki, unapaka tena yakififia. Mafuta ya kupikia yaache jikoni: mengi huoza ndani ya mbao na kutoa harufu. Mafuta ya jozi hukauka vizuri, ila mwambie unayempa, kwa ajili ya wenye mzio wa karanga za miti.

Nimesikia matambara ya mafuta yanaweza kuwaka yenyewe. Ni kweli?

Ni kweli, na si jambo la nadra. Mafuta ya kitani hukauka kwa kushika oksijeni, na kitendo hicho hutoa joto. Tambara likikunjwa au kutupwa kwenye pipa lenye maranda, joto halina pa kutokea, linapanda hadi moto. Litandaze nje kwenye zege hadi likakamae, au liloweke kwenye maji.

Na vitu vya kukaa nje?

Vanishi ngumu hupasuka jua likiipiga, maji huingia chini yake na huwezi kuirekebisha bila kukwangua yote. Mafuta huchakaa taratibu, unapaka tena kila mwaka. Mimi huchagua mafuta. Ncha za nyuzi zipake mara tatu au nne, maana hunyonya maji kama mirija.

## Uani

Nianze na mradi upi?

Mpini. Wa jembe dogo, wa patasi, wa nyundo iliyolegea. Utajifunza uti wote hapo, na kosa halionekani. Kisha stuli ya miguu mitatu, ambayo haitikisiki hata ardhi ikiwa na mabonde. Benchi na lango baadaye.

Nguzo zangu huoza usawa wa ardhi. Kwa nini hapo hasa?

Ukungu unaoozesha mbao unahitaji maji na hewa pamoja. Chini sana kuna maji bila hewa, juu kuna hewa bila maji. Usawa wa ardhi kuna vyote viwili. Mbao iliyo chini ya unyevu wa asilimia 20 haiozi, kwa hiyo kazi yako ni kuondoa maji. Weka kokoto chini ya nguzo, na ukimwaga zege liinuke juu ya ardhi kidogo na kuteremka kila upande, lisiwe bakuli la kukusanya mvua. Bora zaidi, simamisha nguzo kwenye kiatu cha chuma juu ya zege. Nguzo ya uzio ya kuzikwa, theluthi ya urefu wake iwe ardhini.

Chagua mbao ya moyo, ile ya rangi nzito. Ya pembeni nyeupe, hata ya mti unaosifiwa kwa ugumu, ni chakula cha mchwa na ukungu.

Nikikereza nguzo ndogo za baraza, ziachane kiasi gani?

Pengo lisifike sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite. Pima penye wembamba wa uti, si penye vifundo, kwa sababu kukereza hupanua pengo katikati.

Vipande vya gogo vinafaa kwa njia ya bustani?

Kwa misimu michache. Ncha za nyuzi zinaelekea juu na chini, hivyo vinanyonya maji pande zote mbili, vinapasuka na kuota utelezi wa kijani. Weka mawe. Kama unavipenda sana, viweke juu ya kokoto na ujue utavibadilisha.

Maranda nifanyie nini?

Yatandaze juu ya udongo kuzunguka miti. Usiyachanganye ndani ya udongo wa mboga, kwa kuwa vijidudu vinavyoyaozesha huazima nitrojeni ya mimea yako. Ya mbao iliyotiwa dawa au rangi hayaendi bustanini kabisa.

## Hali za pembeni

Nina mbao ya zamani iliyotiwa dawa ya kijani. Nikereze?

Hapana. Dawa ya zamani, CCA, ina shaba, kromiamu na aseniki. Nchini Marekani iliacha kutumika kwa mbao za majumbani mwishoni mwa 2003, lakini mbao zenyewe bado zipo nyuani. Usizikereze, usizipige msasa, usizichome hata kwa kuota moto.

Mbao ya mlango wa kale je?

Tafuta misumari kwa sumaku, hata iliyovunjika ndani. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu, kwa hiyo usiipige msasa ikiwa kavu. Ikiwa huijui historia yake, iache.

Gogo limeanza kuoza, lina mistari myeusi mizuri. Linakerezeka?

Mistari hiyo ni mipaka ambayo aina za ukungu huwekeana, na inapendeza kweli. Bonyeza kwa kucha. Kucha ikiingia, mbao imekwisha kuwa sponji na itavunjika ikizunguka. Ikikataa, kausha kwanza, vaa barakoa, kereza.

Bakuli limepasuka baada ya kumalizika. Linaokoleka?

Ufa mwembamba usiofika ukingoni, ujaze vumbi la mbao hiyohiyo na utone gundi ya papo hapo, kisha msasa. Ufa unaofika ukingoni ni hadithi nyingine: usilirudishe kwenye mashine, linaweza kugawanyika mara mbili kwenye kasi. Toboa matundu madogo pande mbili za ufa, lishone kwa waya wa shaba au uzi wa ngozi, uliache ufa uonekane. Langu la kwanza lililoshonwa hivyo bado lina vitunguu jikoni.